Maneno ya Mzee Lau Ambayo Hukunitafsiria

Mwanangu Mbwana,

Salamu naziruka. Umelala hapo kwenye godoro, mgongo umenigeuzia, na hali yako naiona kwa macho yangu mwenyewe: umenuna hata usingizini. Sijapata kuona mtu anayeweza kununa na kukoroma kwa pamoja. Hiyo hukuirithi kwangu. Mimi nikilala, nalala kama tajiri.

Habari za sweta, pasipoti, na kutobanduka kwa Mama Zulfa anayekusindikiza mkifika stesheni ya Hong Kong, siziandiki. Mama Zulfa ana mdomo wa kutosha kwa safari nzima, na mkitua Dar shangazi yako Zuhura atapokea kijiti. Mimi nataka tuzungumze lile ulilolisema jana mchana dukani kwa Dada Mei, mbele ya wateja. Ulisema, "Baba, unanifukuza."

Unanijua mimi sikosi jibu. Mtu anayeitwa Kombo Mdomo tangu Kariakoo mpaka huku Guangzhou, wafanyabiashara wote wa Dar na Unguja wanalijua jina hilo, atakosaje jibu? Lakini jana nilikosa. Nikajitia natafuta funguo mfukoni. Basi jibu naliandika, ulisome ndani ya treni, mahali ambapo huwezi kuniondokea.

Mwandiko wangu mbaya, usiseme, najua. Nilimaliza darasa la saba, na sifa yangu kubwa ilikuwa kutoka darasani wa kwanza kengele ikilia. Ukikwama neno, Mama Zulfa atakusaidia. Na utakwama. Nitafika hapo.

Kwanza nataka nimkumbuke Mzee Lau. Wewe ulimjua zaidi yangu, maana mlikuwa mkiongea naye moja kwa moja, mimi nilikuwa napata makombo yenu. Lakini yapo mambo uliyaona ukiwa mdogo, ukayapita tu. Nataka uyaone tena na akili ya leo.

Nilipopanga chumba hiki kwake, ulikuwa bado uko Ilala kwa bibi yako. Nilimwona mzee amekaa mlangoni pa duka lake la makufuli, mtu mfupi, mabega kama kabati, na vidole vimepinda kila kimoja na njia yake. Nikajisemea, huyu alikuwa mwizi, alikamatwa akapigwa. Nikachagua kufuli kubwa kuliko yote, nikalinunua kwake yeye mwenyewe, nikalifunga kwenye mlango wangu. Ujinga ulioje huo, kununua kufuli kwa mtu unayemwogopa kukuibia.

Baadaye nikakuleta, ukacheza na watoto wa kichochoro, na kabla sijajua kuagiza chai bila ishara za mikono wewe ulikuwa unagombana nao kwa lugha yao. Ndipo nikakutuma. "Muulize huyu mzee nani alimvunja vidole."

"Baba, si adabu."

"Uliza bwana. Mtoto wa mjini unaogopa vidole?"

Ukauliza. Mzee akacheka, akaingia ndani, akarudi na glavu moja ya ngozi, kubwa, nyeusi kwa uzee. Akachuchumaa katikati ya kichochoro. Nikakwambia kwa Kiswahili anakaa kama mtu mwenye haja, nawe ukaninyamazisha kwa jicho. Kumbe hapo ndipo mahali pake pa zamani. Alikuwa mchezaji wa besiboli wa jimbo zima, ujanani mwake. Na kazi yake ilikuwa kuchuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka kila kinachokuja, kije vipi. Vidole vilivunjwa na mipira.

Nikamwambia anieleze mchezo wenyewe. Akaeleza, ukatafsiri: unapiga mpira, unakimbia mzunguko, unarudi pale ulipoanzia, unahesabiwa umeshinda.

"Mwambie," nikasema, "kama ni kurudi mlipotoka, si mngekaa tu? Jasho la nini?"

Ulimtafsiria, akacheka hadi akakohoa. Akajibu kwamba mara nyingi wenzake nao walijiuliza hivyohivyo.

Mimi nikaona nizidiwe vipi. Nikamwambia Kombo huyu unayemwona alikuwa winga hatari pale Ilala, mabeki walikuwa wanaugua siku ya mechi. Uongo mtupu, nilikuwa naokota mipira. Mzee akasimama, akanitupia mpira taratibu kabisa, kama anavyomtupia mtoto. Nikaudaka kwa tumbo. Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye lami. Tangu mama yako afariki sikuwa nimekusikia ukicheka hivyo. Nikacheka nami, lakini wivu ulinishika kidogo, nakwambia kweli. Mwanangu alichekeshwa na mtu mwingine.

Jioni nyingi tukawa tunakaa pale dukani kwake. Ndipo tukapata habari zake kidogo kidogo, maana mzee hakuwa mtu wa kujisimulia, ilibidi umchokoze. Alikuwa bado kijana wakubwa waliposema mchezo ule haufai, ni wa mabwana wa nje. Fimbo na glavu zikachomwa. Ile moja aliificha kwenye pipa la mchele. Yeye akapelekwa kiwanda cha makufuli. Miaka ikaenda. Akaoa, akamzaa Mei, na Mei akiwa mchanga akapata homa iliyompooza miguu.

Halafu wakubwa wengine wakasema mchezo unafaa. Watu wakaja kutoka Beijing na makoti yao, wakamtafuta mpaka kiwandani: njoo ufundishe vijana, nyumba ipo, jina lipo. Akawakatalia.

Nilipandwa na hasira kama vile nyumba ilikuwa yangu. "Muulize kwa nini! Beijing, Mbwana, Beijing!"

Akasema asubuhi alikuwa anambeba Mei mgongoni, anashuka naye ngazi zote kutoka ghorofa ya juu, anapita naye sokoni, anapanda naye ngazi za shule mpaka kwenye kiti chake. Mchana kiwandani wanapokula, yeye anakwenda kumbeba kumpeleka msalani na kumrudisha. Jioni tena. Mama yake alikuwa na zamu kwenye kiwanda cha nguo, asingeweza. Na Mei alikuwa na mwalimu aliyempenda.

"Basi?" nikasema. "Hiyo tu?"

"Hiyo tu," ukatafsiri.

Hapo ndipo niliposema maneno ambayo huenda umeyasahau, lakini mimi sijayasahau. Nilisema, "Mwambie mimi ningekwenda. Mtoto angebebwa na mtu mwingine."

Ukamtafsiria. Hukuruka hata neno. Ulikuwa mtafsiri mzuri mno, Mbwana. Ulisimama pale, mtoto wa miaka kumi, ukamwambia mzee wa watu kwa sauti yako mwenyewe kwamba baba yako angekuacha ubebwe na mtu mwingine. Mzee alinyoosha mkono ule wa vidole vilivyopinda akakushika kichwani, akarudi kwenye makufuli yake. Na mimi, kichwa maji, nikaona nimemshinda kwa hoja.

Maana hata kabla ya hapo nilishakuacha. Mama yako alipokuwa hai nilikuwa Dubai, nikawa Bangkok, nikawa huku. Alipougua nilimwambia kwa simu Idi itanikuta nyumbani. Nilikuwa nimefuata mzigo wa vitenge, mzigo ukachelewa, nami nikausubiri. Nilifika siku ya arobaini. Watu wa msibani walinipokea vizuri, wakanipa chakula, hakuna aliyenisema. Ningependa angalau mmoja angenisema. Kwa hiyo nilipokuja kukuchukua likizo ile, nilikuwa najifariji kwamba sasa nami ni baba, mtoto wangu nalala naye chumba kimoja. Likizo ikaisha, nikasema ngoja wiki moja. Ukawa unajua lugha. Nikasema ngoja mzigo huu upite.

Na hapa acha nijisifu, maana sifa zenyewe ni zako. Hakukuwa na watu wawili Zhanqian Road nzima waliofanya kazi kama sisi. Wenzangu wanaingia kwenye maduka yale ya nguo za jumla na kikokotoo, wanabonyeza, laoban, yaani mwenye duka, anatikisa kichwa, "meiyou, meiyou", hakuna, hakuna. Mimi nikiingia, wewe unasimama pembeni unachezea vifungo vya mashati, umelegeza mdomo kama zuzu. Bosi anamgeukia mkewe anamwambia kwa lugha yao bei ambayo atakubali kushuka. Wewe unapiga miayo, unaniambia kwa Kiswahili, "Baba, nina njaa," kisha bei. Natoka pale nimewakamua, nao hawaelewi nimejuaje. Yule Papa Ilunga wa Lubumbashi alinipigia magoti: "Kombo, mon frère, ndugu yangu, nikopeshe mutoto siku moja tu, tafazali!" Nikamwambia huyu haazimwi, huyu ndiye duka lenyewe.

Nilikuwa natembea nimevimba. Nikiulizwa shule, nasema shule gani ingemfundisha haya? Mimi darasa la saba nimefika China. Huyu na la tatu lake atafika mwezini.

Halafu ile siku ya bandarini Huangpu. Mama Zulfa alikuwa ameandika majina ya wenye mizigo kwa Kiswahili kwenye karatasi, akakupa umsomee kibarua anayepakia kontena. Nilikuwa nyuma yenu. Nilikuona ulivyoishika ile karatasi, ukaisogeza karibu, ukaisogeza mbali, midomo ikitafuta. Kisha ukaikunja, ukamwambia Mama Zulfa upepo unakupuliza machoni. Upepo haukuwepo. Wewe unayeongea lugha ambayo mimi hata kuisalimia naisalimia kwa ishara, ulikuwa husomi jina la jirani yetu wa Ilala.

Nikaona aibu. Lakini aibu yangu ilikuwa mvivu kama mwenyewe, ikalala.

Sasa tuje kwenye msiba. Mzee Lau alifariki mvua za masika zilipoanza, amekaa kwenye kiti chake dukani, Mei akidhani amesinzia. Nikawakusanya watu wetu, nikasema huyu ametulaza nyumbani kwake wakati wengine wanatufungia milango, hatuwezi kuwaacha mkewe na binti wakae peke yao. Tukatwaa mikeka, sufuria la pilau, Mama Zulfa na kanga yake kichwani, tukapanda ngazi kwenda kulala matanga. Unakumbuka zile sura? Bibi Lau kafungua mlango, akarudi nyuma. Kumbe kwao mtu haingii tu kwenye nyumba yenye msiba, sembuse na mkeka na mto.

"Anasemaje?" nikakuuliza.

"Anasema tuondoke, tutabeba mkosi wa nyumba yake tuupeleke kwetu."

"Mwambie mkosi tumekuja nao sisi wenyewe kutoka Kariakoo. Huu wake hautapata hata pa kukaa."

Bibi Lau alikutazama wewe, akanitazama mimi, akatazama sufuria. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. Mama Zulfa akamkumbatia palepale kizingitini. Tukaingia. Tulilala matanga kwa Mchina, Mbwana, na sijui kama kuna mwingine aliyewahi. Dada Mei alikuwa kwenye meza anakata na kubandika magazeti, anamtengenezea baba yake glavu ya karatasi ya kuchomwa pamoja na vitu vyake, kwa imani zao. Vidole vya glavu havikumkalia sawa. Ukakaa ukamsaidia.

Usiku ule ulipolala ndipo Mei alipokuja kukaa karibu yangu na magongo yake. Wewe unajua Kiswahili chake, Kiswahili cha kuuzia makufuli: rafiki, bei ya mwisho, kesho leta. Akaninong'oneza, "Rafiki, sikia. Siku ya keki ya mwezi. Baba alisema wewe peleka Mbwana shule. Baba alisema maneno mengi. Mbwana hapana sema shule. Mbwana sema bomba."

Nikaikumbuka ile jioni. Wanakula keki zao za sikukuu ya mwezi mpevu, mzee kasimama, jambo ambalo hakulifanya kamwe, akaongea muda mrefu, ananyoosha kidole kwangu, kwako, kwa Mei. Macho yamemjaa maji. Nikakuuliza, "Anasemaje?" Ukaangalia chini ukasema, "Anasema bomba la juu linavuja."

Nami nikasema hewala, nikachukua spana, nikapanda darini. Nikalizunguka bomba lile kama mganga anayetafuta hirizi. Kavu! Nikarudi nimekasirika, mzee ameshaingia chumbani kwake.

Mbwana, hebu mwone kwa jicho lake. Mtu aliyekataa Beijing ili binti yake afike kwenye dawati, ananimwagia moyo wake wote kuhusu mwanangu, na mimi nasimama katikati ya maneno nachukua spana naondoka. Hakurudia tena. Aliondoka duniani akiamini nilimsikia.

Sikulaumu. Nataka ulisome hili mara mbili. Sikulaumu hata kidogo. Nilikaa kando yako usiku ule nikawaza ulikuwa unaogopa nini, na haikunichukua muda. Ulishanisikia nikisema mtoto abebwe na mtu mwingine. Ulijua unakaa na baba yako kwa sababu unamfaa. Ukaona likitamkwa neno shule, kazi itakwisha, na kazi ikiisha, baba naye ataisha. Mtoto wa miaka kumi na moja anapiga hesabu hiyo kichwani, halafu mimi nasema hajui hesabu.

Basi jibu la jana ni hili. Anayefukuzwa ni mtu asiye na faida. Wewe una faida mpaka nimeona haya. Ungekuwa mtoto mvivu, mzigo tu, huenda ningekusahau hapa chumbani mpaka uote ndevu. Naachana nawe kwa sababu ningeweza kukuweka siku zote, nikapata mali, na watu wakanisifu kwa kukulea.

Utakaa darasa la nne na watoto wanaokufika kiunoni. Hilo ndilo linalokuchoma, najua, hukulisema. Watakucheka. Mimi ndiye niliyekukalisha hapo, si wewe, na wakicheka wanamcheka Kombo. Waache. Usiwapige. Bibi yako ameshaambiwa kwamba hujui kusoma vizuri, nimemwambia mwenyewe kwa simu, ili usije ukamwambia upepo unakupuliza machoni. Akasema kitanda chako bado kipo.

Sikuahidi Idi. Mama yako nilimwahidi Idi. Mimi nabaki huku kwa sababu biashara hii ndiyo ninayoijua, na ada haitoki mbinguni. Lakini kila kontena likiondoka Huangpu nitapiga simu kwa jirani, na utakuja kwenye simu, na hatutaongea habari za mzigo. Utanisomea. Chochote, hata maandishi ya kwenye mfuko wa unga. Nitasikiliza mpaka salio liishe.

Dada Mei amekubali kunifundisha lugha yao. Leo ameniita mjinga kwa Kichina na kwa Kiswahili, nimeelewa vyote viwili, kwa hiyo naendelea vizuri. Lakini kesho treni ikishaondoka nitakwenda Zhanqian Road peke yangu. Laoban atanitazama, atatazama nyuma yangu, ataona hakuna mtu anayechezea vifungo. Atamgeukia mkewe waongee watakavyo, nami nitasimama kama mlango, natabasamu tu. Watanichuna ngozi, mwanangu. Watanichuna kesho na kesho kutwa.

Wewe kaa dawati la mbele. Mwalimu akikuuliza baba yako anafanya kazi gani, mwambie anaibiwa huko China, na anasema waendelee.

Ni mimi baba yako,
Kombo